Hesabu Haikuzaliwa na Kiingereza

Ipo kauli moja inayorudiwa katika mabaraza ya wasomi wa Tanzania kila lugha ya kufundishia inapotajwa. Husemwa kuwa Kiswahili ni lugha nzuri kwa mashairi, kwa siasa na kwa maamkizi, lakini si chombo cha hesabu. Kwamba hesabu ina lugha yake, nayo ni Kiingereza. Na kwamba mtoto wa kijijini akifundishwa pembe na milinganyo kwa lugha aijuayo atakuwa amefungiwa mlango wa dunia. Kauli hii hutolewa kwa utulivu, kama mtu asemavyo kuwa jua huchomoza mashariki. Lakini si ya kweli, na shahidi mkubwa wa uwongo wake ni Kiingereza chenyewe.

Na aitwe shahidi huyo kwa jina. Robert Recorde alizaliwa Tenby, mji wa pwani katika nchi ya Wales, yapata mwaka 1510. Alipata shahada yake ya kwanza Oxford mwaka 1531, na udaktari wa tiba Cambridge mwaka 1545. Kwa kuzaliwa alikuwa mtu wa Wales. Kwa vitabu vyake alikuwa mmoja wa watu walioifundisha Uingereza kuhesabu kwa lugha ya Uingereza. Vyuo hivyo viwili vilifundisha kwa Kilatini. Mwenye elimu aliandika kwa Kilatini na kubishana kwa Kilatini. Cuthbert Tunstall, aliyepata uaskofu wa London mwaka 1522, alitoa mwaka huo huo kitabu cha hesabu, nacho kilikuwa cha Kilatini tangu mwanzo hata mwisho. Kiingereza cha siku zile kilihesabiwa na wasomi wake wenyewe kuwa lugha ya sokoni, ya jikoni na ya shambani: chepesi kwa kununulia samaki, kizito kwa elimu. Karibu kila neno linalosemwa leo juu ya Kiswahili lilisemwa wakati ule juu ya Kiingereza: hakina istilahi, hakina vitabu, hakieleweki ng'ambo.

Mwaka 1543 Recorde alitoa The Ground of Artes, kitabu cha hesabu za kawaida kwa Kiingereza. Hakuwa wa kwanza kabisa, maana kilikuwapo kijitabu kingine kabla yake. Lakini yeye aliifanya kazi hiyo kuwa shughuli ya maisha. Mwaka 1551 akatoa The Pathway to Knowledge juu ya jiometri. Mwaka 1556 The Castle of Knowledge juu ya elimu ya nyota. Mwaka 1557 The Whetstone of Witte juu ya aljebra. Hakuwaandikia maaskofu. Aliwaandikia wafanyabiashara, waashi, maseremala, wapima ardhi na mabaharia: watu wenye akili na wenye kazi, wasio na Kilatini. Kitabu chake cha kwanza kilichapwa tena na tena hata mwaka 1699, zaidi ya miaka 140 baada ya mwandishi wake kufa.

Kitabu hicho kimeandikwa kwa namna ya mazungumzo baina ya mwalimu na mwanafunzi. Mwanafunzi huuliza, hukosea, hutia shaka, huomba aelezwe mara ya pili; mwalimu humjibu na kumsahihisha. Hilo si pambo la uandishi. Ndicho kiini cha elimu ya hesabu, kwa kuwa hesabu haipokelewi kwa kuamini. Hupokelewa kwa kuuliza sababu mpaka shaka iishe. Wala mtu hawezi kuuliza sababu kwa lugha ambayo aogopa kuifungulia kinywa.

Sasa, je, Recorde alipata istilahi tayari, zimepangwa rafuni zikimngoja? Hasha! Alizitunga. Pembe iliyo ndogo kuliko pembe mraba aliiita kwa neno la kisu: kali. Iliyo kubwa zaidi aliiita butu. Mistari sambamba aliiita mistari pacha. Pembetatu yenye pande zote sawa aliitungia neno lenye maana ya tatu zilizofanana. Mwanafunzi wa shule ya msingi ya Tanzania anayetaja pembe kali na pembe butu hutumia njia ile ile ya kufikiri aliyoitumia Recorde mwaka 1551; wala hakuna aliyemwambia Recorde kuwa visu na mapacha si maneno ya elimu ya juu.

Yafaa pia kukiri jambo ambalo watetezi wa Kiswahili aghalabu hulificha. Maneno mengi aliyoyatunga Recorde yalikufa. Waingereza waliomfuata waliyaacha maneno yake ya nyumbani, wakachukua ya Kiyunani na ya Kilatini, wakayapa matamshi ya Kiingereza. Je, kazi yake ilikuwa bure? La. Neno lilikufa, lakini mazoea ya kufikiri kwa lugha ile yalibaki. Basi wale wanaochelewesha mafundisho mpaka kamati zikubaliane juu ya kila istilahi, kama litwaliwe la Kibantu, la Kiarabu au la Kizungu, wamelitanguliza gari mbele ya ng'ombe. Istilahi haikomai kamusini. Hukomaa darasani, sokoni na kazini. Itakayofaa itaishi, na isiyofaa itazikwa bila matanga.

Katika kitabu chake cha mwaka 1557 Recorde alichoka kuandika maneno ya kusema kuwa kitu hiki ni sawa na kile. Akachora mistari miwili sambamba, yenye urefu mmoja, akiona kuwa hapana mfano bora wa usawa kuliko huo. Hiyo ndiyo alama ya sawasawa itumiwayo leo duniani kote. Hata alama hiyo haikupokelewa siku moja. Ilipita kiasi cha miaka 60 kabla haijaonekana tena katika chapa, na ni katika vitabu vya mwaka 1631, kikiwamo cha William Oughtred na kile cha Thomas Harriot kilichotolewa baada ya kifo chake, ndipo ilipoanza kushika mizizi. Alama bora kuliko zote ilingoja zaidi ya nusu karne. Lakini Kiswahili kinatakiwa kikamilike kwa siku moja, ama sivyo kihukumiwe kuwa hakifai!

Mpinzani mwenye elimu atasema: Isaac Newton aliandika Principia kwa Kilatini mwaka 1687, miaka 144 baada ya kitabu cha kwanza cha Recorde. Ni kweli, naye hana lawama, kwa kuwa alitaka kusomwa na mabingwa wa Ulaya nzima. Lakini Newton huyo huyo alitoa Opticks kwa Kiingereza mwaka 1704. Tena kati ya Recorde na Newton kulikuwa na watu wengi waliofanya kazi ya kufasiri bila kuona haya. Mwaka 1570 Henry Billingsley, mfanyabiashara aliyekuja kuwa Meya wa London, alitoa kazi ya Euclid kwa Kiingereza, nayo dibaji yake iliandikwa na John Dee. John Napier alipotangaza logi zake kwa Kilatini mwaka 1614, Edward Wright alizifasiri kwa Kiingereza, na tafsiri ikatoka mwaka 1616, kwa kuwa mabaharia walizihitaji. Hakuna aliyesema mabaharia wangoje mpaka wajue Kilatini, meli zisingengoja. Mabingwa na waandikiane kwa lugha yoyote waipendayo; shauri lililopo ni la mtoto na fundi.

Wala Kiingereza hakina haki ya kujiita mama wa hesabu. Aljebra ilipata jina lake kutoka katika kitabu cha Kiarabu cha al-Khwarizmi, aliyeishi Baghdad katika karne ya 9. Neno walitumialo Waingereza kwa sifuri ni neno la Kiarabu lililopita Italia na Ufaransa hata likapotewa na sura yake. Neno hilo hilo lilifika pwani ya Afrika Mashariki kwa njia fupi zaidi, na Mswahili husema sifuri kwa matamshi yaliyo karibu zaidi na asili yake. Hali kadhalika wakia, karati na hesabu yenyewe. Mswahili aliyeambiwa kuwa lugha yake ni mgeni katika nyumba ya hesabu ameambiwa hivyo na mgeni mwenziwe, aliyeingia kwa mlango mwingine.

Hoja hii na iondoke sasa maktabani iende Bugarama, katika Halmashauri ya Msalala, mkoa wa Shinyanga, penye mgodi wa Bulyanhulu. Tangu hapo mpaka Geita, ardhi yenyewe ni swali la hesabu. Mchimbaji mdogo huhesabu mifuko ya mawe itokayo katika duara, yaani shimo lake. Huhesabu fungu la mwenye duara, la mwenye shamba na la wavuja jasho. Huhesabu gharama ya karasha na ya zebaki. Kisha hufika mbele ya mizani. Hayo yote huyafanya kwa Kiswahili na kwa Kisukuma. Hakuna mnunuzi wa dhahabu Bugarama aliyepata kusema kuwa biashara haiwezekani kwa sababu Kiswahili hakina istilahi.

Itazamwe hesabu moja. Mtu ana gramu 12 za dhahabu ya karati 20. Dhahabu safi ni ya karati 24. Basi dhahabu safi iliyomo ni 12 × 20 ÷ 24 = 10, yaani gramu 10. Iwe bei ya gramu moja safi, kwa mfano tu, ni shilingi 200,000; thamani yake ni shilingi 2,000,000. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2017 yaliweka mrabaha wa dhahabu kuwa asilimia 6, na ada ya ukaguzi asilimia 1. Asilimia 7 ya thamani hiyo ni shilingi 140,000, zinabaki 1,860,000. Zikigawanywa mafungu matatu sawa, kila fungu ni shilingi 620,000. Na fungu la wachimbaji, wakiwa 10, humpa kila mmoja shilingi 62,000. Katika mfano huo mna uwiano, asilimia na mgawanyo, na umeelezwa wote kwa Kiswahili kisichotetemeka. Mtu asiyejua hatua ya kwanza, ile ya karati, atalipwa kama apendavyo mwenye mizani. Hapo ujinga wa hesabu hauleti alama mbaya katika daftari. Huleta njaa nyumbani.

Sasa na atazamwe mtoto wa mchimbaji huyo. Kwa miaka ya shule ya msingi amejifunza kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya kwa Kiswahili. Amejua namba tasa, namba shufwa na namba witiri. Amejua kipenyo na mzingo wa duara, akacheka kidogo kuona kuwa duara la mwalimu na duara la baba yake ni neno moja. Kisha huingia kidato cha kwanza, na katika majuma machache maneno yote hayo huvuliwa kama nguo za kuazima. Hupewa majina mapya ya vitu alivyokwisha vijua, katika lugha ambayo hata mwalimu wake aghalabu huiendea kwa mkongojo. Mtoto aliyekuwa akiuliza huacha kuuliza. Hunakili. Hukariri. Kwa miaka mingi hisabati imekuwa miongoni mwa masomo yanayowaangusha watahiniwa wengi wa kidato cha nne; wakubwa hushangaa, huunda kamati, hulaumu uvivu wa vijana. Mazungumzo ya Recorde yana watu wawili, mwalimu na mwanafunzi. Darasa hili lina mtu mmoja anayesema na wengine wanaotazama midomo yake.

Si haki kusema kuwa lugha ndiyo ugonjwa pekee. Wako watoto wanaoshindwa hesabu hata katika shule za msingi, kwa Kiswahili, kwa kuwa madarasa yamefurika, walimu ni wachache na vitabu havitoshi. Kubadili lugha hakutaleta dawati wala mwalimu. Lakini mgonjwa mwenye maradhi matatu hanyimwi dawa ya moja kwa sababu mengine mawili yamebaki. Na dawa hii ina sifa moja: lugha yenyewe iko tayari vinywani mwa watoto na walimu, haiagizwi kwa meli.

Wala haiwezi kusemwa kuwa jambo hili halikupata kufikiriwa. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria mwaka 1967, na mwaka huo Kiswahili kikathibitishwa kuwa lugha ya kufundishia shule za msingi. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya Jackson Makweta, ilipendekeza kuwa sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili mwaka 1985. Mwaka 1985 ulikuja, ukapita. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Istilahi zikawapo, wanafunzi wa kuzitumia wakakosekana. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, iliyozinduliwa mwaka 2015, ilifungua mlango kwa Kiswahili katika ngazi zote. Mlango ukafunguka, Kiingereza kikabaki kimeketi katika kiti chake sekondari. Taifa ambalo rais wake wa kwanza aliweza kumsemesha Shakespeare Kiswahili mwaka 1963 na tena mwaka 1969 lasema haliwezi kumsemesha Euclid.

Na ni nani alaumiwe? Si mzazi wa Bugarama. Yeye huona kuwa aliye na Kiingereza hupata kiti ofisini na asiye nacho hupata sururu, naye humtakia mtoto wake kiti. Hesabu yake ni sahihi kwa namba alizopewa. Walaumiwe wale waliozipanga namba hizo: wenye vyeo wanaokisifu Kiswahili majukwaani na kukikimbia katika mitihani, na pamoja nao wanazuoni wa Kiswahili, ambao wametunga istilahi kwa bidii kisha wakazifungia makabatini, wakakutana katika makongamano kupongezana, na wakawapeleka watoto wao wenyewe katika shule za Kiingereza. Recorde alikuwa daktari wa chuo kikuu. Kilatini alikijua vema. Angeweza kuandika kwa lugha ya wenziwe, akapata sifa ya wenziwe. Hakufanya hivyo. Wanazuoni wa leo wanaokijua Kiingereza vema hawana udhuru ambao yeye hakuwa nao.

Husemwa pia kuwa kuondoa Kiingereza katika hesabu ni kuwanyima vijana dunia. Hoja hii huchanganya kujifunza lugha na kujifunza kwa lugha. Kiingereza na kifundishwe, tena kifundishwe vizuri kuliko kinavyofundishwa leo, na walimu walioandaliwa kwa kazi hiyo. Lakini kumfundisha mtoto mlinganyo kwa lugha asiyoijua kwa matumaini kuwa atapata vyote viwili ni kumtuma mtu mmoja masoko mawili kwa wakati mmoja. Hurudi na kikapu kitupu. Ushahidi u wazi: kijana wengi wamuonao akimaliza kidato cha nne mara nyingi hana hesabu wala Kiingereza.

Mwaka 2017 nchi nzima ilipata somo. Usafirishaji wa makinikia ya dhahabu ulipozuiwa, makontena 277 yakachunguzwa katika bandari ya Dar es Salaam, na kamati mbili za wataalamu, ya Profesa Abdulkarim Mruma na ya Profesa Nehemiah Osoro, zikatoa taarifa Mei na Juni. Kampuni ilizikataa hesabu hizo. Hapa si mahali pa kuamua nani alikosea. Linalopasa kukumbukwa ni mambo mawili. La kwanza, neno makinikia, ambalo wengi hawakuwa wamelisikia, lilienea nchini katika majuma machache, likatumiwa na dereva, mbunge na muuza mboga. Hivyo ndivyo istilahi inavyojifunzwa pakiwa na haja. La pili, ugomvi wote ulisimama juu ya swali la hesabu: gramu ngapi za dhahabu katika tani moja? Wananchi walilishangilia au kulilaani jibu, lakini ni wangapi, hata huko Bugarama yatokako mawe yenyewe, walioweza kulipima? Mwaka 2020 Serikali na Barrick zilitia saini mapatano, na hisa asilimia 16 za Serikali zikawekwa katika Twiga Minerals. Asilimia 16 ya nini, baada ya kutoa nini? Raia asiyeweza kuuliza hivyo ni mtazamaji wa mali yake.

Recorde mwenyewe aliyajua hayo kwa machungu. Mwaka 1549 alisimamia mahesabu ya kiwanda cha sarafu cha Bristol, akakataa kutoa fedha za mfalme kwa jeshi lililoongozwa na William Herbert na mwenziwe bila amri ya mfalme. Alishutumiwa uhaini, akazuiliwa siku 60. Mwaka 1551 alipewa usimamizi wa migodi na sarafu za Ireland. Mgodi wa fedha wa Wexford, uliofanywa kazi na wachimbaji kutoka Ujerumani, ulikula zaidi ya ulivyotoa, ukafungwa mwaka 1553. Baadaye alimshtaki Herbert, ambaye sasa alikuwa na cheo cha Earl wa Pembroke, kwa utovu wa uaminifu. Yule mkubwa akamgeuzia kesi ya kashfa, na Recorde akahukumiwa kulipa pauni 1,000. Hakulipa. Mtu aliyeipa dunia alama ya usawa alikufa mwaka 1558 katika gereza la King's Bench, London.

Alishindwa barazani kwa sababu hesabu zake zilikuwa mikononi mwa mtu mmoja mbele ya mwenye nguvu. Hakushindwa katika vitabu, kwa sababu huko aliwagawia wengi. Hesabu inayojulikana ofisini tu yaweza kuzikwa pamoja na karani wake. Hesabu inayojulikana sokoni haina kaburi. Watoto wa Bugarama wamekwisha jifunza alama ya Recorde. Kilichobaki ni waruhusiwe kuuliza, kwa lugha waijuayo, kama pande zake mbili ni sawa kweli.